Ukishusha gari, umeidanganya valvu ya breki

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea Hiace ya zamani, ile isiyo na ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki), hapa gerejini kwangu Tabata, Dar es Salaam. Alikuwa ameishusha nyuma kwa kutoa majani mawili ya springi kila upande, akaivalisha rimu pana na spesa, vile vipande vya chuma vinavyosukuma tairi nje. Ilipendeza, sikatai. Lakini alivyoshuka mikono ilikuwa bado inamtetemeka. Asubuhi hiyo kulikuwa na mvua, yuko Barabara ya Mandela, bodaboda ikamkatia mbele, akakanyaga breki. Usukani ukavuta kushoto, na kabla hajaurudisha, mkia wa gari ulikuwa umeshageuka unataka kumpita.

"Fundi, nimebadilisha pedi mara mbili ndani ya miezi mitatu. Sasa mafundi wananiambia ni mastasilinda."

Nikamwambia, mdogo wangu, mastasilinda, ile pampu kuu ya breki, tuiache kwanza. Usipokanyaga breki, gari linanyooka? Akasema linanyooka vizuri tu. Jibu hilo liliniokolea nusu siku. Gari linalovuta muda wote, mimi naanza na upepo wa tairi na alaimenti, yaani unyoofu wa tairi. Linalovuta kwenye breki tu, naanza na breki zenyewe na bushi za mikono ya chini, ile mipira ya maungio ya vyuma vinavyoshikilia tairi, kwa sababu bushi iliyochanika huacha tairi lirudi nyuma pale unapokanyaga. Nilizisukuma bushi kwa mtaimbo, zilikuwa nzima.

Basi nikaliendesha mpaka Segerea na kurudi, nikikanyaga breki kama mtu yeyote wa mjini. Niliporudi nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Mbele kushoto joto lilinipiga usoni. Mbele kulia palikuwa vuguvugu.

Hapa ndipo mafundi wengi tunapokosea. Gari likivuta kushoto tunafungua kushoto. Kumbe kushoto ndiko kulikokuwa kunafanya kazi peke yake, na mgonjwa alikuwa wa kulia. Nilipofungua kulia, pedi ya ndani ilikuwa imelika karibu na chuma, ya nje bado nene kama imetoka dukani. Kalipa ya aina hii, yaani kile chombo kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Pini zikishika kutu, kalipa haitelezi. Hewa yetu ya chumvi na matope ya masika yanazimaliza pini hizi haraka, hasa kama kile kimpira cha kuzifunika kimepasuka. Wenzangu waliotangulia walikuwa wanaweka pedi mpya kwenye kalipa iliyokwama. Nikazisafisha pini, nikabadilisha vimpira, nikapaka grisi ya silikoni. Tafadhali msitumie grisi ya beringi pale, inaufanya mpira uvimbe na pini inakwama upya.

Zile spesa nazo zilichangia. Ukilitoa tairi nje, unalitenga mbali zaidi na mhimili ambao usukani unazungukia. Ni kama kufungua nati kwa spana uliyochomeka bomba refu: nguvu ni ile ile, ila inageuza zaidi. Tofauti ndogo ya breki kati ya kushoto na kulia, ambayo kwa rimu za kiwandani dereva asingeihisi, sasa inampokonya usukani.

Tuje nyuma, maana huku ndiko kunakoua.

Ukikanyaga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi. Zikipewa nguvu nyingi zinajifunga, yaani zinaacha kuzunguka huku gari bado linakwenda. Tairi la mbele likijifunga gari linakwenda mbele halisikii usukani. La nyuma likijifunga linapoteza mshiko wa pembeni, na gari linazunguka. Gari la mizigo lina ugumu wake: likiwa tupu nyuma linahitaji breki kidogo, likijaa linahitaji nyingi. Kwa hiyo kiwandani wameweka valvu kwenye bodi, na mkono wake umefungwa kwenye ekseli. Mzigo ukiingia, bodi inashuka, mkono unapanda, valvu inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma.

Sasa fikiria umetoa majani ya springi. Bodi imeshuka. Gari ni tupu kabisa, lakini mkono wa valvu umepanda kana kwamba umepakia magunia ya mchele. Valvu inatii. Inapeleka nyuma presha ya gari lililojaa.

Ongeza na ile kalipa ya kulia iliyolala: breki za mbele zimepungua, dereva anakanyaga kwa nguvu zaidi ili asimame, na nguvu hiyo ya ziada inafika pia kwenye dramu, zile breki za ngoma za nyuma. Ndiyo maana nilianza mbele. Na wale wanaoongeza majani ili gari libebe zaidi wana tatizo la kinyume chake: mkono haupandi vya kutosha, gari limejaa na breki za nyuma hazitoshi.

Nilifungua dramu zote mbili kuhakikisha silinda hazivuji, maana mafuta ya breki yakilowesha viatu vya breki vilivyo ndani ya dramu, breki inanata na kushika ghafla. Zilikuwa kavu. Hendibreki nayo haikuwa imekazwa kupita kiasi. Nikainua bodi kwa jeki mpaka ikafika kimo chake cha zamani, nikaweka alama mkono wa valvu ulipokaa, kisha nikaishusha na kuhamisha kishikizo mpaka mkono ukarudi kwenye alama. Baada ya hapo nikafunga geji za presha, moja mbele na moja nyuma, nikalinganisha na kitabu cha gari. Alama ya macho peke yake haitoshi kulitoa gari gerejini.

Jioni tulikwenda kwenye uwanja mtupu, nikakanyaga nikiwa kilomita 30 kwa saa, kisha 40, msaidizi wangu akiangalia tairi kutoka pembeni. Za mbele zilijifunga kwanza, mkia ukatulia. Kijana mwenyewe akaendesha mara tatu. Rimu zinazofaa bila spesa bado hajapata fedha za kununua, na mimi nampigia simu kila Ijumaa kumkumbusha.