Kuandamana dhidi ya tozo na makato: hakuna kibali, kuna taarifa

Minada ya korosho inapokaribia, malalamiko ya makato, tozo na malipo yanayochelewa huongezeka mezani kwetu, na swali linaloambatana nayo halibadiliki: "Tumeomba kibali cha kuandamana, hatujajibiwa, tufanyeje?" Kibali hakipo. Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kwamba kumlazimisha raia aombe ruhusa ya kukusanyika kunakiuka Katiba. Sasa sheria inadai taarifa. Anayeandika "tunaomba kibali" amejigeuza mwombaji, na mwombaji husubiri.

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinataka taarifa ya maandishi imfikie ofisa wa polisi anayesimamia eneo husika angalau saa 48 kabla ya mkusanyiko. Wilayani huyo ni OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Si mtendaji wa kata wala mwenyekiti wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Taarifa itaje mahali, muda na madhumuni kwa ujumla. Tunashauri muongeze majina na simu za waandaaji watatu, idadi ya watu mnaowatarajia, na njia mtakayopita, barabara kwa barabara, hadi mtakapotawanyika. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe na saa, mrudi nayo. Saa ndiyo inayoangusha wengi. Barua iliyopokelewa Ijumaa saa kumi jioni haitoshi kwa maandamano ya Jumapili saa mbili asubuhi, kwani hapo zimepita saa 40 tu.

Ukishawasilisha, unaendelea kama ulivyopanga mpaka upate amri ya kuzuia. Na amri hiyo haitolewi kwa kuchukizwa na bango: ofisa lazima aridhike kwamba lengo si halali, au kwamba amani na usalama wa umma vitavurugika. Asiyeridhika hukata rufaa kwa Waziri. Kuipuuza amri na kutoka nayo mfukoni ni kosa. Tena Kanuni ya Adhabu inahesabu mkusanyiko usio halali kuanzia watu watatu, si mia tatu. Kifungo chake ni mwaka mmoja, na ukigeuka ghasia ni miaka miwili. "Mimi nilikuwa nyuma tu" si utetezi tunaoweza kumwandikia mtu.

Baada ya hapo ndipo huja swali ambalo watu hawaliulizi mapema: nani ana kalamu ya kuamua tozo na bei, na anaishika lini?

Zambia, Desemba 1986, ruzuku ya unga wa mahindi ilipoondolewa kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), bei ilipanda zaidi ya maradufu na miji ya Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba, ikawaka. Watu walikufa, Rais Kaunda akairudisha ruzuku, na Mei 1987 akaachana na mpango wa IMF. Mwaka 1990 bei ikapanda tena, ghasia zikarudi, na 1991 akashindwa uchaguzi. Sudan, Desemba 2018, mkate ulitoka pauni 1 hadi 3. Aprili 2019 Bashir alikuwa ameondolewa. Kenya, Juni 2024, vijana waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu ukiwa bado bungeni, na Rais Ruto akaukataa tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na wengine kupoteza maisha.

Kwetu mambo yalikwenda kwa sura nyingine. Maandamano ya Mtwara ya Desemba 27, 2012 kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam yalipita kwa amani. Ghasia zilizofuata Januari, na zile za Mei 22, 2013 siku bajeti ya nishati iliposomwa, zilileta vifo, moto na askari mitaani. Bomba lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015. Mwezi huohuo chama cha upinzani cha CUF kilichukua jimbo la Mtwara Mjini. Hatusemi moja lilizaa jingine. Liwale, Aprili 2013, awamu ya pili ya malipo ya korosho ilipokuja pungufu, nyumba zilichomwa. Nyumba iliyoungua haijawahi kumwongezea mkulima hata shilingi moja kwenye kilo.

Mwaka 2018, fedha za ushuru wa korosho zinazosafirishwa ghafi (asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi) zilihamishiwa zote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele Juni, muswada ukapita. Wakulima wao walisubiri hadi Oktoba, wakagomea bei mnadani. Hapo Serikali ilinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kumbe mnadani bei ilisikilizwa. Ushuru ulikuwa umeshafungwa tangu Juni. Tozo ya miamala ya fedha kwa simu ilianza Julai 15, 2021. Lawama za nchi nzima, nyingi za mtandaoni, ziliishusha kwa asilimia 30 Septemba.

Kwa hiyo angalieni kalenda. Hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni, Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Fedha, na sheria huanza Julai 1. Maoni yataje kifungu, kiwango kilichopo na kiwango mnachotaka. "Tunapinga ugumu wa maisha" hakuna anayeweza kukijadili.