Batini haikai bila dhahiri

Siku hizi hapa Mombasa, jambo lolote la dini lisiloeleweka huitwa batini. Sauti zinazosambazwa kwenye WhatsApp zinakuahidi "batini ya aya" itakayokufungulia riziki. Barazani utamsikia kijana akijitetea kwamba msikitini haonekani kwa sababu yeye ni mtu wa batini. Jirani zetu Wakristo nao wana msemo wao wa karibu na huo, "ufunuo wa ndani" wa mstari, na mara nyingi ukiuliza mstari wenyewe unasemaje, utaambiwa nusu yake. Neno zito kama hili linaonewa, na wanaoumia ni watu wanaotafuta kwa dhati.

Batini ni maana ya ndani ya andiko: kile ambacho maneno ya aya yanakifikia moyoni mwa msomaji, baada ya maana yake ya wazi, yaani dhahiri, kueleweka na kukubaliwa. Kuitafuta huitwa taawili, na wafasiri wa Kisufi, yaani Waislamu wa njia ya kuusafisha moyo, waliiita njia yao tafsiri ya ishara. Maneno ya kushikilia hapo ni "baada ya kueleweka na kukubaliwa", na ndiyo yanayorukwa kila siku.

Tazama Sura ya Al-Hadid, aya ya 3. Mwenyezi Mungu anajitaja kuwa ni wa Mwanzo na wa Mwisho, Adh-Dhahir na Al-Batin. Majina hayo mawili yamekuja bega kwa bega, yameunganishwa kwa "na". Hakuna mahali tunapoambiwa tuchague moja tuliache jingine. Asemaye kuwa dhahiri ni ya watu wa kawaida na batini ni ya wateule amekwishayatenganisha yaliyotajwa pamoja.

Mfano unaonikaa zaidi ni wa viatu vya Nabii Musa. Katika Sura ya Taha, aya ya 12, anaambiwa avue viatu vyake kwa kuwa yuko katika bonde takatifu la Tuwa. Kisa hicho kimo pia katika kitabu cha Kutoka, sura ya 3, penye kile kijiti kilichowaka moto bila kuteketea. Imam Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikiandikia maneno ya wazi kabisa: Musa alifahamu kwamba kuvua viatu viwili ni kuziacha dunia mbili, hii na ya akhera, ili amwelekee Mola peke yake. Kwa hiyo alitii kwa nje kwa kuvua viatu, na akatii kwa ndani kwa kuzivua dunia mbili. Yote mawili yalitendeka. Miguu ya Musa ilikanyaga mchanga kwelikweli.

Na hapo Ghazali akatoa hukumu ambayo natamani ingebandikwa kwenye kila simu inayosambaza hizo sauti. Anayeifuta dhahiri alimwita Batini, kwa maana ya lawama. Anayeifuta batini alimwita Hashwi, mtu aliyeganda kwenye ganda la maneno. Aliyekamilika kwake ni yule anayezikusanya zote mbili. Mahali pengine, katika kitabu chake Ihya, anasema kuwa anayedai kuzijua siri za Qur'ani naye hajaimudu tafsiri yake ya dhahiri ni kama mtu anayedai kuwa amefika katikati ya nyumba na mlango hajauvuka.

Hili si la Waislamu peke yao. Gregory wa Nyssa, askofu wa karne ya 4, alivisoma viatu hivyohivyo vya Musa kuwa ni ngozi iliyokufa, ambayo lazima ivuliwe kwenye miguu ya roho kabla ya kupanda penye nuru. Lakini kabla ya kufika huko, katika kitabu hichohicho, alianza kwa kukisimulia kisa chenyewe cha Musa toka mwanzo hadi mwisho, kama kilivyoandikwa. Ndipo akarudi kutafuta ya ndani. Yeye na Ghazali wanapishana kwa zaidi ya miaka mia saba na kwa dini pia, na bado utaratibu wao ni uleule. Nenda mlangoni mwa msikiti wowote wa Mji wa Kale wakati wa magharibi uone makubadhi na ndara zilivyopangana. Mzee aliyezivua pale huku moyo wake ukivua na mengine hana haja ya kutangaza kuwa ni mtu wa batini.

Tuje kwenye maneno mawili yanayopendwa na wanaojiita watu wa batini, ahadi na kuamka, kwa sababu hapa ndipo neno batini linapotumika vibaya zaidi. Watu husema "ahadi ya Mungu" wakimaanisha nyumba, viza au mchumba, na "kuamka" ni ile siku umegundua kuwa vimekwisha andikwa kwa jina lako. Wasufi walipozungumza juu ya ahadi, aya waliyoirudia sana ni ya 172 ya Sura ya Al-A'raf, ambamo Mola anakitoa kizazi cha wanadamu migongoni mwao na kuwauliza: Alastu birabbikum, je, Mimi si Mola wenu? Wakajibu: Bala, ndiye, tumeshuhudia. Siku hiyo huitwa siku ya Alasti. Junaid wa Baghdad, mmoja wa masheikh wao aliyefariki mwaka 910, aliijenga juu yake sehemu kubwa ya mafundisho yake: safari yote ya mja ni kurudi kuwa kama alivyokuwa siku ile alipojibu.

Tazama ahadi hiyo ni ya nani. Ni sisi tulioulizwa, na ni sisi tuliojibu. Na aya haikuishia kwenye "Bala". Mwisho wake unasema: msije mkasema Siku ya Kiyama kuwa tulikuwa tumeghafilika na hili. Huko kughafilika ndiko usingizi wanaousema masufi, na kuamka ni kukumbuka neno ulilolitoa wewe mwenyewe. Batini yote hiyo imesimama juu ya kipande cha mwisho cha dhahiri, na hicho ndicho kipande kinachokatwa kwenye sauti za dakika mbili.

Husimuliwa kwamba Fudhail bin Iyadh, kabla ya kuwa mcha Mungu mashuhuri, alikuwa mnyang'anyi wa njiani. Usiku mmoja alikuwa akipanda ukuta kumwendea mwanamke aliyempenda, akamsikia mtu anasoma aya ya 16 ya Al-Hadid: je, haujafika wakati kwa walioamini nyoyo zao zinyenyekee kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu? Akasema: Bala, Mola wangu, umefika. Akashuka. Hakutafuta hesabu ya herufi wala siri. Aya ilimuuliza swali la wazi, naye akalijibu kwa neno lilelile la siku ya Alasti.

Kwa Wakristo, Waefeso 5:14, "Amka, wewe usinziaye", husomwa mno kwenye mikesha kama ahadi ya kupokea. Mstari unaofuata unasema tuangalie sana jinsi tunavyoenenda. Ni maneno ya mwenendo: ulevi, uasherati, usemi wa kipuuzi, vyote vimetajwa katika sura hiyohiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiletewa batini ya aya, muulize aliyeileta kwa upole: dhahiri yake ni ipi, na mwisho wake unasemaje? Kama anajua, kaa umsikilize, huenda ana kitu. Kama alichonacho ni idadi ya kusoma ili upate kazi, au maandishi ya kufunga mkononi, hayo yana majina yake hapa pwani tangu zamani: azima, hirizi. Hukumu yake waulize wanazuoni. Ila tuyaite kwa majina hayo.