Je, wajua seli mpya hutambuliwaje kati ya seli za zamani?

Kata kipande chembamba cha ubongo, kitazame kwa hadubini. Utaona viini vya seli vimesongamana. Ipi ilizaliwa mwezi uliopita, na ipi ina miaka hamsini? Kwa macho hujui.

Siri iko kwenye DNA. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote kwa herufi nne: A, T, G na C. Malighafi ya T ni thimidini. Sasa kuna nukleosidi (malighafi ya herufi ya DNA) ya kutengenezwa maabara, bromodioksiuridini, ambayo watafiti huiita BrdU tu. Inafanana na thimidini kwa kila kitu ila mahali pamoja: penye kaboni moja na hidrojeni tatu, pamewekwa atomu moja ya bromini. Ukubwa wa atomu hiyo unakaribiana mno na wa kile kilichoondolewa, hivyo vimeng'enya huipokea kama T halisi na kuiunga kwenye uzi wa DNA. Seli isiyonakili DNA saa hiyo haina pa kuiweka. Iliyonakili imepigwa chapa.

Chapa hiyo husomwaje? Zamani walitumia thimidini yenye mionzi, na picha ilichukua wiki kadhaa kutokea. Mwaka 1982 Howard Gratzner alitangaza kingamwili inayoishika BrdU yenyewe. Shida ni kwamba nyuzi mbili za DNA zikiwa zimefungamana, kingamwili haifiki ndani. Kwa hiyo sampuli huloweshwa kwanza kwenye asidi ya haidrokloriki ili nyuzi ziachane, ndipo kingamwili na rangi vifuate. Viini vilivyonakili DNA hujitokeza kwa rangi kali, jirani zao wakibaki hafifu. Mwaka 2008 Adrian Salic na Timothy Mitchison walieleza ndugu yake, EdU, ambayo hunaswa na rangi yenye molekuli ndogo kabisa bila kuhitaji asidi hiyo.

Lakini kwangu mimi, habari kubwa ya BrdU ni ya mwaka 1998. Wagonjwa wa saratani walikuwa wamepewa dawa hii ili madaktari waone uvimbe unakua kwa kasi gani. Walipofariki, Peter Eriksson wa Sweden na Fred Gage wa Taasisi ya Salk, California, pamoja na wenzao, walichunguza ubongo wa watano kati yao. Katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, walikuta nyuroni, yaani seli za neva, zenye bromini kwenye DNA yake. Watu wazima, tena wagonjwa mahututi, na bado ubongo wao ulikuwa unazaa nyuroni! Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Siwezi kuisoma habari hii bila kuwakumbuka wagonjwa hao kwa shukrani.

Kwa nini basi jaribio hilo lisirudiwe kwa watu wenye afya? Kwa sababu DNA yenye bromini hunakiliwa kwa makosa zaidi, na huumizwa kwa urahisi na mwanga na mionzi. Huwezi kumpa mtu mzima wa afya chapa ya namna hiyo kwa ajili ya udadisi. Mwaka 2018 timu mbili zilitafuta njia nyingine, zikapima protini za nyuroni changa katika ubongo wa marehemu. Moja ikasema kwa watu wazima nyuroni mpya hazionekani kabisa, nyingine ikasema zinazaliwa hadi uzeeni.