Je, wajua kwa nini njia panda huua zaidi kuliko kipilefti?

Carmel ni mji wa ukubwa wa kiasi katika jimbo la Indiana, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 meya wake, Jim Brainard, aliyewahi kusoma Uingereza na kuona vipilefti vya huko, alianza kuondoa taa na vibao vya kusimama na kujenga vipilefti mahali pake. Leo mji huo una zaidi ya 150. Kwa Marekani hilo ni jambo kubwa, maana huko ndiko kibao cha kusimama kilikozaliwa: cha kwanza kinasemekana kuwekwa Detroit mwaka 1915, na kwa miaka zaidi ya mia moja makutano ya mitaa yao mingi yameongozwa na kibao hicho, ambacho siku hizi ni chekundu cha pembe nane.

Duara la nyasi katikati ya barabara lina nini ambacho kibao hakina?

Chukua karatasi, chora barabara mbili zinazokatana, kisha chora kila njia ambayo gari linaweza kupita: kunyoosha, kukata kulia, kukata kushoto. Hesabu mahali mistari inapogusana. Wahandisi wa barabara hupata nukta 32, na katika nukta 16 kati ya hizo gari moja hukatiza kabisa mbele ya jingine. Hapo ndipo gari hugongwa ubavuni, kwenye mlango alipoegemea abiria, ambako hakuna injini wala buti la kupunguza nguvu ya kishindo. Hapo pia ndipo anayekata kona kuvuka upande wa pili hukutana na anayekuja mbele yake.

Sasa chora kipilefti cha njia moja, yaani ambacho magari hupita kwa mstari mmoja tu, si mawili sambamba. Nukta zinabaki 8: nne za kuingia na nne za kutoka. Ya kukatiza haipo hata moja, kwa sababu wote wanazunguka upande mmoja. Magari yakigusana, mara nyingi hugusana kwa mshazari, yote yakielekea karibu upande uleule. Taa huvunjika, rangi huchubuka, madereva hushuka wakigombana. Kugombana wanaweza, kwa sababu wako hai.

Halafu kuna mwendo. Kwenye kipilefti kilichojengwa vizuri huwezi kupita kwa kilomita 80 kwa saa hata ukitaka. Barabara yenyewe inakupinda kabla hujaingia, na wengi hupita kati ya kilomita 25 na 40. Nguvu ya gari linalogonga hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu hiyo hubaki robo tu. Kwa mtu anayevuka kwa miguu au aliyepanda bodaboda, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atapelekwa hospitali kufungwa bandeji au atapelekwa chumba cha maiti.

Kibao cha kusimama, kwa upande wake, kinategemea utii. Dereva anapaswa kukiona, kukiheshimu, kusimama kabisa, kutazama pande zote na kupima mwendo wa wengine bila kukosea. Akifanya hivyo kila siku, njia panda ni salama. Lakini binadamu huchoka, husinzia, hupokea simu, na usiku mmoja hukipita kibao kwa mwendo uleule wa barabara kuu. Kipilefti kimejengwa kwa kujua kwamba siku hiyo itafika. Mimi naona hapo ndipo ubora wake wote ulipo: hakimwombi dereva awe mwema, kinampunguzia madhara anapokosea.

Ushahidi upo. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 na taasisi ya usalama barabarani ya makampuni ya bima ya Marekani ulifuatilia makutano zaidi ya 20 yaliyogeuzwa kutoka vibao au taa kuwa vipilefti. Ajali zote kwa jumla zilipungua kwa karibu asilimia 40, na zile za kujeruhi watu kwa zaidi ya asilimia 75. Tazama tofauti ya tarakimu hizo mbili: kugongana hakukuisha, kuumia ndiko kulikopungua sana.

Hata hivyo duara peke yake si dawa. Paris na New York zilikuwa na mizunguko tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na magari yalipoongezeka ilianza kuganda. Sababu ni kwamba aliyekuwa anaingia hakulazimika kumpisha aliyekwisha kuwa ndani. Waingiaji wakajaza duara, waliokuwa ndani wakashindwa kuifikia njia yao ya kutokea, na kwa kukwama kwao wakawazuia waliokuwa nyuma yao, mpaka duara zima likafunga. Mwaka 1966 Uingereza ilifanya kuwa sheria kwamba anayeingia ampishe aliye ndani. Mhandisi Frank Blackmore, wa maabara ya serikali ya utafiti wa barabara, ndiye anayetajwa sana kwa kuipigania kanuni hiyo. Duara likawa linajisafisha lenyewe: likijaa, haliingiliki; likipungua, linapokea.

Kanuni hiyo ndiyo tunayoifuata Tanzania na Kenya, ambako tunaendesha kushoto na kumpisha anayetokea kulia kwetu. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, kwa hiyo wao huzunguka kinyume chetu.

Mbona basi vipilefti vyetu hufunga saa za jioni, mpaka askari wa trafiki ashuke katikati? Kuna mambo mawili. La kwanza, foleni mara nyingi haianzii pale. Njia ya kutokea ikikwama kwa sababu ya taa au daladala zilizosimama mita mia mbili mbele, magari yanarudi nyuma hadi ndani ya duara, na duara moja likifunga linafunga barabara zote nne kwa mpigo. La pili, barabara moja ikimwaga magari mengi mfululizo, wa barabara inayofuata hawapati mwanya, uvumilivu unaisha, wanaanza kuchomekea. Askari huleta zamu pale ambapo hakuna mwanya, ila akiruhusu upande mmoja kwa muda mrefu anajaza duara, na ile nguvu ya kujisafisha inapotea. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ya Nairobi ilifika hatua ya kupanga mapipa kwenye mizunguko kadhaa kuzuia magari yasikate kulia, jambo lililozua mabishano makubwa.

Kwa hiyo mahali penye mafuriko ya magari, taa zilizopangwa vizuri au daraja la juu hufaa zaidi. Vipilefti vya njia mbili au tatu navyo hurudisha baadhi ya hatari, kwa kuwa aliye njia ya ndani hulazimika kumkatiza wa nje anapotoka. Anayeteseka zaidi hapo ni mwenda kwa miguu, na hasa asiyeona, kwa sababu magari hayasimami pamoja kumpa ishara ya kuvuka. Kwake kinachofaa ni kivuko kilichowekwa nyuma kidogo ya duara, umbali wa gari moja hivi, chenye kisiwa katikati, ili avuke upande mmoja, apumzike, kisha avuke wa pili akitazama magari ya upande mmoja tu.