The African Queen: ya filamuni na ya kweli

Katika filamu hii ya John Huston ya mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanateremka mto Ulanga kwa boti chakavu iitwayo African Queen, Vita Kuu ya Kwanza imeanza. Wanakwama kwenye kinamasi cha matete, wanatokea ziwani, na meli ya Wajerumani inazama. Mengi yanayosemwa kuihusu filamu hii hayako sawa.

"Ulanga unaingia ziwani." Thubutu! Ulanga upo, tena ni mto mkubwa, ila unakwenda upande wa pili. Ndio Kilombero, unaokutana na Luwegu na kuwa Rufiji, na maji yake huishia Bahari ya Hindi. Anayeufuata atafika kwenye mikoko. Kinamasi unacho kweli: bonde la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002. Lakini anayetaka mto wenye vinamasi unaomwaga maji yake Ziwa Tanganyika aende Malagarasi.

"Filamu ilipigwa picha nchini Tanganyika." Ilipigwa Uganda na Kongo. Na pale Bogart anapoikokota boti majini, kisha anatoka kagandwa na ruba? Tangi la studio, London. Maji ya mtoni yaliogopwa kwa maradhi, na si bure, maana wengi wa kikosi waliugua tumbo, Hepburn akiwemo.

"Meli iliyozamishwa ni Liemba." Hii ndiyo sugu kuliko zote, kwa kuwa ina chembe ya ukweli. C. S. Forester, mwandishi wa riwaya ya 1935 iliyozaa filamu, aliazima vita halisi vya Ziwa Tanganyika. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli na kwa kuzikokota nchi kavu huko Katanga. Kikosi chao kiliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, Desemba 1915, kikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Ile kubwa, Graf von Götzen, hawakuizamisha. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha Julai 1916 walipokuwa wanaihama Kigoma, wakiwa wameshazipaka injini zake grisi nzito. Bila shaka walitumaini kurudi. Waliofaidi grisi hiyo ni Waingereza: waliiopoa mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikasafirisha watu na mizigo kwa jina la Liemba.

Boti iliyoigiza African Queen nayo haikulipuka kama ya filamuni. Iliundwa Uingereza mwaka 1912, ikafanya kazi Ziwa Albert, na sasa iko Key Largo, Florida, inatembeza watalii.