Kwa nini mbwa mmoja humkimbilia mgeni na mwingine humkimbia?

Mbwa anayejikunyata kila mgeni anapobisha hodi hutolewa hukumu upesi: huyo alipigwa. Au basi, ndiyo mbegu yake. Kipigo humtia mbwa woga kweli, lakini wengi wanaoogopa wageni hawajawahi kuguswa na fimbo. Swali la kuanza nalo ni hili: alikuwa na umri gani alipozoeana na watu mara ya kwanza?

Mwaka 1961, Daniel Freedman na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Bar Harbor, Maine, Marekani. Watoto wa mbwa walikulia na mama zao ndani ya uzio mrefu, bila kuzoeana na binadamu. Hakuna aliyewapiga. Baadhi walitolewa kwa wiki moja wakacheza na watu, kila kundi katika umri wake. Wa wiki tatu walimwendea mtu papo hapo. Wa wiki saba walisita kwanza. Waliofika wiki ya 14 bila kuzoea mtu walikuwa kama wanyama wa porini. Nao walikuwa beagle na cocker spaniel, mbegu zinazosifiwa kwa upole!

Mfikirie mlinzi mpya wa geti aliyepewa daftari tupu. Mwanzoni huandika kila apitaye: mama wa nyumbani, mzee wa mkongojo, fundi mwenye kofia. Kisha daftari hufungwa, na asiyefanana na walioandikwa hutiliwa shaka. Kwa mbwa, daftari hufunguliwa karibu na wiki ya tatu, udadisi ukiwa na nguvu kuliko woga. Kuelekea wiki ya 12, woga hushika usukani. Ndiyo maana mbwa aliyelelewa na watu wazima tu anaweza kuwapenda wote na bado akashtushwa na mtoto anayekimbia.

Daftari hilo halifungwi kwa siku moja, na urithi nao una sehemu yake. Lakini mbegu peke yake haitabiri mengi: utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, uliohoji wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa.

Kwa hiyo kumfungia mtoto wa mbwa bandani ili awe mlinzi mkali ni kumlea mwoga, na mbwa mwoga humng'ata hata jirani. Kama chanjo hazijakamilika, abebwe mikononi awaone watu, asiwekwe chini walipopita mbwa wengine. Aliyekwisha kukua bado hujifunza, ila polepole: mgeni akae ubavu, asimkodolee macho, amwache mbwa aje mwenyewe.