Je, wajua kwanini ukiinua gari sentimita tano difu ya nyuma, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu, inabaki palepale?

Hili swali nililijibu vibaya kwa miaka mingi na nililijibu nikiwa na uhakika kabisa. Ukiniuliza wakati ule kuinua gari kunasaidia nini ningekwambia bila kufikiria: inakuwa mbali na ardhi, basi. Ukiinua sentimita tano, kila kitu chini ya gari kimepanda sentimita tano. Nina Toyota Prado toleo la 120, nikatafuta seti ya kuinulia ya bei ninayoiweza, fundi akafunga, gari ikasimama vizuri kweli, nikaanza kupita njia ambazo zamani nilikuwa nazikwepa.

Halafu njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, upande wa Ziwa Natron, malori yalikuwa yamepita wakati wa mvua yakachimba mifereji miwili ya matairi na katikati likabaki tuta refu limekauka kama tofali. Nikaingia nikijua nimeinua. Mbele ikapita bila kugusa kitu, nyuma ikasema kruuu, gari ikasimama, matairi ya nyuma yakawa yanazunguka bila kushika vizuri. Nikalala chini nikaangalia, difu ya nyuma imekaa juu ya lile tuta, imelikwangua mpaka udongo umeng'aa. Tukachimba kwa jembe karibu saa nzima.

Niliporudi nikachukua futikamba nikapima kutoka ardhini mpaka kwenye tumbo la difu, sentimita 22. Nikaenda kwa jirani mwenye Prado kama yangu, tairi saizi ileile, haijainuliwa hata kidogo. Sentimita 22. Nilipima mara tatu maana nilidhani nimekosea.

Sababu yake ukishaiona haitoki tena kichwani. Ekseli ya nyuma ya Prado ni bomba moja la chuma linalotoka gurudumu la kulia mpaka la kushoto, na difu imejengwa katikati ya hilo bomba. Springi inakaa JUU ya ekseli. Ukiweka springi ndefu unasukuma bodi na chasisi kwenda juu, lakini ekseli yenyewe bado imeshikwa na matairi mawili na matairi yako chini palepale. Ni kama meza, ukiweka vitabu juu ya meza halafu sinia juu ya vitabu, sinia limepanda ila meza haijasogea. Kwa kawaida kinachopandisha ekseli ni tairi kubwa zaidi, na hata tairi inakupa nusu tu ya ilichoongezeka, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu.

Hesabu yake fupi. Prado ya 120 na 150 nyingi zilikuja na tairi ya saizi 265/65R17, kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukienda 265/70R17 unapata kama 803. Tofauti ni milimita 27 hivi, nusu yake 13. Yaani difu imepanda sentimita moja na kidogo, ndiyo hiyo tu. Ukienda 285/70R17 unapata kama milimita 27 kwa difu, lakini hapo tairi inaanza kugusa plastiki za ndani na springi zinaingia kazini, siyo kupandisha difu bali kuipa tairi nafasi.

Sasa la kushangaza zaidi ni mbele. Mbele ya Prado haina bomba, kila gurudumu lina mikono yake, vyuma vinavyoliunganisha na chasisi, na difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi. Kwa hiyo ukiinua, difu ya mbele inapanda na bodi na ya nyuma haipandi. Ndiyo maana mbele yangu ilipita na nyuma ikakaa. Jimny au Land Cruiser 80 ni tofauti, hizo zina ekseli nzima mbele na nyuma, springi hazipandishi difu yoyote kati ya hizo mbili. Kwahiyo mtu akikwambia gari yake ameiinua inchi mbili, swali zuri la kumuuliza ni tairi gani umeweka.

Hii haimaanishi kuinua hakuna faida. Bampa ya mbele inapanda, kwahiyo ukiingia korongo huigongi, tumbo la katikati linapanda, tanki la mafuta linapanda, ngazi za pembeni zinapanda. Hayo ni mambo ya kweli na kwa njia zetu yanasaidia sana. Ila tuta la katikati ya njia, jiwe katikati ya njia, hapo difu ndiyo inaamua.

Tuje kwenye spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi au juu ya shokapu ili gari ipande, maana ndizo za bei nafuu na ndizo zenye maneno mengi. Nilipofungua boksi la seti yangu nikakuta spesa za mbele ni nyembamba, unene wa milimita 25, za nyuma nene, milimita 50. Nikajua nimeuziwa seti mbili tofauti zilizochanganywa. Kumbe ziko sawa kabisa na hapa ndipo pananifurahisha mpaka leo.

Fikiria mlango. Shika mlango karibu na bawaba, sukuma upana wa kidole kimoja. Angalia ukingo wa upande wa kitasa, umesogea kiganja kizima. Au bomba la kisima la kusukuma kwa mkono, mkono wako unapanda na kushuka sana ila kile chuma kilichofungwa karibu na egemeo kinasogea kidogo tu. Mkono wa chini wa gurudumu la mbele ni mlango uliolala. Bawaba iko kwenye chasisi, gurudumu liko kwenye kitasa, na shokapu pamoja na springi yake imefungwa karibu na katikati. Ukiisukuma ile katikati chini milimita 25, kule mwisho kwenye gurudumu inakuwa karibu 50. Nyuma springi inakaa juu ya ekseli yenyewe, ekseli nzima inapanda na kushuka, kwa hiyo 50 inabaki 50. Namba mbili tofauti kwenye boksi, gari inasimama sawa.

Na egemeo halikupi kitu bure. Kama gurudumu la mbele limebeba kilo 550 hivi, ile springi iliyo nusu ya njia inabeba karibu mara mbili ya hapo, zaidi ya tani moja kila upande. Ndiyo maana springi ya mbele ya Prado ni chuma kinene hivyo ingawa ni fupi, na ndiyo maana hutakiwi kuifungua kwa waya na nyundo. Uwiano wenyewe unabadilika gari na gari. Kwenye Forester au RAV4 shokapu imesimama moja kwa moja hadi karibu na gurudumu, kule spesa ya 25 inakupa kama 25, kwahiyo usichukue hesabu ya Prado ukaipeleka kwenye Subaru.

Watu wanasema spesa inafanya gari iwe ngumu. Spesa ya kukaa juu ya shokapu haibadilishi ugumu wa springi. Mama akibeba ndoo kichwani akaweka ngata nene badala ya nyembamba, ndoo imepanda ila shingo inasikia uzito uleule. Springi nayo inasikia gari ileile. Shida iko kwingine: gurudumu sasa linaning'inia chini zaidi likiingia shimoni, sivi (kiungo kinachopeleka mzunguko kwenye gurudumu la mbele) inakunjwa kuliko ilivyozoea, boljointi (kiungo cha mpira wa chuma) ya mkono wa juu inafika mwisho wake, na ukigonga kwa nguvu shokapu inaweza kufika chini kabla raba ya kuzuia haijafanya kazi yake. Kwa 50 kwenye gurudumu magari mengi yanavumilia. Ukizidi hapo utahitaji mikono mipya ya juu na hapo neno nafuu limeshaondoka.

Nyuma spesa bila shokapu ndefu ni makosa zaidi, kwa sababu shokapu ya zamani tayari imevutwa, ukipita shimo ekseli yote inaning'inia kwenye shokapu badala ya springi. Utasikia mlio wa tok kila shimo.

Kuna kingine kidogo ambacho mafundi wengi hawakitaji. Hilux za zamani, Land Cruiser 80 na baadhi ya Prado za zamani zina vali ya breki nyuma yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli. Inapima gari imekaa chini kiasi gani ili ijue mzigo. Ukiinua, vali inadhani gari haina kitu siku zote, inapunguza nguvu ya breki ya nyuma hata ukiwa umepakia magunia. Inarekebishika, inahitaji tu kusogeza ile fimbo au bracketi yake, ila lazima mtu akumbuke.

Kwahiyo kama hela ni ya mawazo, mimi sasa hivi ningeanza kwa kuuliza springi zilizopo zina umri gani. Gari ya miaka kumi na tano imeshakaa, mara nyingi unalipa kuinua kitu ambacho springi mpya za kawaida zingekirudisha kilipokuwa. Pili tairi, 265/70 kwa kawaida inaingia bila kuinua, kata usukani mpaka mwisho pande zote uhakikishe haigusi, na ujue spidi itasoma pungufu kama asilimia tatu. Tatu, springi na shokapu za nyuma zinazoendana na mzigo unaobeba KILA SIKU, siyo wa safari moja ya mwaka. Springi ya kubeba kilo mia tatu ukiendesha mtupu itakurusha kila rasta. Spesa ya mbele ije mwisho, nyembamba, na siku hiyohiyo gari iende alaimenti (kunyoosha magurudumu) na taa zishushwe, maana zitakuwa zinamulika macho ya wenye magari yanayokuja.

Na kabla fundi hajagusa bolti, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa juu wa bodi, kona zote nne, andika. Gari ikishuka kutoka kwenye jeki iendeshe kidogo itulie halafu pima tena. Yangu kona ya kulia mbele ilikuwa chini milimita 12 tangu kabla ya kuinua, upande wa dereva, na nisingepima ningemlaumu fundi.